Macho ya Mtoto wa Paka: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Wanachama na Wazee katika Mkutano wa Mwaka, Eldoret



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo mno kwa mkutano kama huu. Mmekwisha kusikia hesabu ya fedha za Chama. Mmekwisha kusikia habari za wagonjwa na wafiwa waliosaidiwa, na za karo za watoto. Sasa twawaomba mtege masikio kidogo juu ya macho ya mtoto wa paka. Twajua ya kuwa wengine watatabasamu. Na watabasamu, lakini wakisha kutabasamu watusikilize hadi mwisho, kwa maana jambo hili lagusa ghala zetu, lagusa usalama wa nyumba zetu, na lagusa malezi ya watoto wetu.

Sisi tunaokaa Eldoret twaishi katikati ya nchi ya nafaka. Mji huu ulipoanza mwaka 1910 ulikuwa ofisi ya posta tu juu ya shamba namba 64, na wenyeji wakauita Sisibo. Reli ilifika mwaka 1924, na mwaka 2024 mji ukapandishwa cheo ukawa jiji. Katika miaka hiyo yote mahindi na ngano za Uasin Gishu ndizo zilizoulisha mji na kuulipia. Na palipo na mahindi pana panya, na palipo na panya mwenye nyumba hutafuta paka. Urafiki huu ni wa kale sana. Mwaka 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale walitoa habari ya kaburi katika kisiwa cha Cyprus, lenye umri wa miaka 9,500 hivi, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Wataalamu huamini ya kuwa paka alimkaribia binadamu kwa ajili ya panya wa ghalani, na ghala ndiyo iliyofanya mapatano kati yao.

Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Nasi twaongeza ya kuwa paka asiyeona amekwisha kuondoka, hata kama bado amelala karibu na meko. Naye mwenye nyumba akikosa paka hukimbilia sumu. Sumu ya panya huwekwa chini, karibu na magunia, mahali pale pale ambapo mtoto anayetambaa hufikisha mkono wake, na ambapo kuku na mbwa hupita. Basi mtu asidhani ya kuwa tumeacha mambo ya ustawi ili tuzungumze juu ya mchezo. Twazungumza juu ya chakula cha mwaka mzima, na juu ya sumu sakafuni.

Neno letu kubwa ni hili: jicho lililofungwa si jicho lililokufa. Paka azaapo, mara nyingi huonekana mtoto mmoja au wawili ambao macho yao yameshikana kwa matongo, yamevimba, na usaha watoka pembeni. Watu wengine husema, "Huyu ni kipofu," nao humtia katika gunia na kumtupa jaani. Lakini mara nyingi mtoto huyo hakuzaliwa kipofu. Chini ya kope zile mna jicho zima, linalongoja maji ya vuguvugu na mkono wenye subira. Lisipopata hayo kwa siku chache, ndipo litakapokufa kweli.

Yafaa kwanza tujue maumbile. Mtoto wa paka huzaliwa macho yamefumba, na hilo si ugonjwa. Kwa kawaida macho hufunguka kati ya siku ya 7 na siku ya 14. Hufunguka pole pole, pengine jicho moja kabla ya jingine, na huanza katika pembe iliyo upande wa pua. Yakifunguka huwa na rangi ya buluu, na rangi yake ya kudumu huanza kuonekana baadaye, mtoto akiwa na majuma sita au zaidi. Katika siku hizo za kwanza haoni vizuri, wala hapendi mwanga mkali. Kwa hiyo mtu asimfumbue macho kwa nguvu ya vidole kwa sababu tu amechoka kungoja. Lakini kope zilizofumba zikivimba na kujaa kama tunda dogo, au usaha ukitokeza kabla ya macho kufunguka, hapo hakuna kungoja tena. Usaha umefungiwa ndani nao unalila jicho.

Ugonjwa huo watoka wapi? Mara nyingi watoka kwa mama mwenyewe. Paka wana mafua yao, na sababu zake kubwa ni virusi vya aina mbili, yaani herpesi ya paka na kalisi, pamoja na bakteria aitwaye klamidia ya paka. Paka aliyepata herpesi hubaki nayo mwilini maisha yake yote, ingawa aonekana mzima. Akipatwa na uchovu wa kuzaa na kunyonyesha, virusi huamka tena, na mama huwaambukiza wanawe wakati awalambapo kwa upendo. Ndipo watoto huanza kupiga chafya, pua huziba, na macho hushikana.

Hapa kwetu pana mambo mawili yanayozidisha udhaifu huo. La kwanza ni baridi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10. Mtoto wa paka katika juma la kwanza hawezi kuutunza joto mwili wake mwenyewe, bali hutegemea mwili wa mama. Akipoa hanyonyi, na asiponyonya hana nguvu ya kupigana na ugonjwa. La pili ni moshi. Kwa kuwa twaogopa baridi, twaliweka sanduku la paka nyuma ya jiko la kuni, mahali penye joto. Lakini pale pana moshi na majivu, na moshi huwasha macho yaliyokwisha kuumwa. Heri sanduku likae katika kona kavu isiyopitiwa na upepo wala moshi, nalo litandikwe nguo kuukuu iliyofuliwa. Mama akiwa mbali, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa kinene na kuwekwa upande mmoja yatosha, ili mtoto aweze kuisogelea au kuihama.

Sasa tuje kwenye matibabu ya nyumbani, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kibiriti na sabuni ya juma moja.

Kwanza, osha mikono kwa sabuni. Chemsha maji nusu lita, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, ukoroge hata iyeyuke, kisha uache maji yapoe mpaka yawe vuguvugu. Yajaribu ndani ya kifundo cha mkono wako, kama mama ajaribuvyo maziwa ya mtoto.

Pili, mfunge mtoto wa paka katika kitambaa, kichwa tu kikibaki nje, ili asiparure wala asipate baridi.

Tatu, chovya pamba safi katika maji hayo, uikamue kidogo, kisha uiweke juu ya jicho lililoshikana kwa dakika mbili au tatu. Usisugue. Pamba ikipoa, chovya nyingine. Maji yenyewe yatalainisha matongo, na kazi ya mkono ni kungoja.

Nne, matongo yakilainika, pangusa pole pole kutoka pembe ya pua kuelekea nje. Jicho la pili lipate pamba yake nyingine, na kila mtoto apate yake, wala pamba iliyotumika isirudishwe katika maji. Mtu anayepangusa watoto wanne kwa pamba moja amefanya kazi ya ugonjwa, hakufanya kazi ya mganga.

Tano, kausha uso, safisha na pua kama imeziba, kisha mrudishe kwa mama. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku. Choma pamba ile, na uoshe mikono tena. Maji ya chumvi yatengenezwe mapya kila siku.

Maji haya husafisha, lakini hayaui ugonjwa wenyewe. Macho yenye usaha huhitaji dawa, na dawa ni juu ya daktari wa mifugo kuichagua. Mara nyingi atatoa dawa ya mafuta ya kupaka ndani ya kope mara kadhaa kwa siku, naye ataeleza kwa siku ngapi. Wengi wetu huacha dawa siku ya tatu, macho yakianza kung'aa. Tusifanye hivyo, maana ugonjwa uliokatizwa njiani hurudi.

Ni wajibu wetu pia kusema yasiyofaa kutiwa jichoni. Si utomvu wa majani, si chai, si maji ya tumbaku, wala si maziwa. Vitu hivi huwasha jicho au huleta vijidudu vipya. Vile vile tusichukue dawa ya macho iliyobaki kabatini baada ya mtu kuugua. Baadhi ya dawa hizo zina vitu kama deksamethasoni au prednisoloni, ambavyo hupunguza wekundu upesi na kumfurahisha mwenye kutazama. Lakini ikiwa kioo cha mbele cha jicho kina kidonda, dawa hizo huzuia kidonda kupona na huweza kulitoboa jicho. Na yeyote asimpe paka vidonge vya paracetamol kwa ajili ya homa au maumivu. Dawa hiyo imfaayo binadamu ni sumu kwa paka, na kipande kidogo tu chaweza kumwua.

Zipo dalili ambazo zikionekana mtu asingoje kesho. Jicho likigeuka kuwa na ukungu wa buluu au weupe, likitokeza nje kuliko mwenzake, likitoka damu, mtoto akikataa kabisa kufumbua jicho hata baada ya kusafishwa, au akiacha kunyonya na kulegea. Hayo ni mambo ya saa. Kidonda cha jicho chaweza kutoboka kwa siku moja au mbili. Aliye Langas, Huruma au Kapsoya hayuko mbali na msaada, na aliye Moiben au Ziwa aweza kuanza kwa kumwuliza daktari anayetibu ng'ombe wake, kwa maana yeye naye amesomea wanyama wote. Lakini yafaa tutofautishe kati ya daktari wa mifugo na mwuzaji katika duka la dawa za mifugo. Mwuzaji aweza kuwa mtu mwema sana, lakini dawa ya kidonda cha jicho haipimwi kwa kukisia ng'ambo ya meza ya duka.

Ikiwa jicho moja limekwisha kuharibika, maisha hayajakwisha. Daktari aweza kuliondoa ili maumivu yakome, na paka chongo huwinda, huzaa, na hulinda ghala. Na ikiwa mtoto amezidiwa hata hakuna tumaini, daktari aweza kumpumzisha pasipo mateso. Kumtupa jaani akiwa hai, afe kwa baridi na njaa, si njia ya mtu mwungwana. Tena sheria ya nchi ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ambayo ni Sura ya 360, humkataza mtu kumletea mnyama mateso yasiyo ya lazima.

Jambo la chakula laambatana na macho kuliko wengi wanavyodhani. Katika nyumba nyingi paka hupewa ugali na maziwa, ikasemwa ya kuwa atajitafutia mengine. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha ya kuwa paka akikosa kitu kiitwacho taurini katika chakula chake, utando ulio nyuma ya jicho, ambao ndio upokeao mwanga, huharibika, na upofu wa namna hiyo hauponi. Taurini hupatikana katika nyama na samaki, wala haimo katika mahindi. Paka mkubwa huipata kwa panya awalao. Lakini mtoto aliyeachishwa kunyonya, ambaye hajajua kuwinda, hana pa kuipata ila mkononi mwetu. Basi kiganja cha omena ziletwazo sokoni kwetu kutoka Ziwa Viktoria, zikichanganywa na ugali kidogo, ni chakula na pia ni ulinzi wa macho. Mama anyonyeshaye naye apewe, kwa kuwa ndiye ghala la wanawe. Maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa paka huleta kuhara, na kuhara humkausha upesi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mtoto wa paka afikapo majuma manane hivi aweza kuanza kuchanjwa dhidi ya mafua haya, na chanjo hurudiwa kama daktari atakavyopanga. Chanjo haizuii kila ambukizo, lakini hupunguza ukali wa ugonjwa, na kwa hiyo huokoa macho mengi. Afikapo miezi mitatu achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa maana paka naye huweza kuushika ugonjwa huo na kumwambukiza binadamu. Na afikapo miezi mitano au sita, afungwe uzazi. Paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 tu, nasi twajua ya kuwa nyumba iliyomudu kuwatunza watoto wanne haitamudu kumi na wawili. Wengi wa wale wanaotupwa hawatupwi kwa chuki, bali kwa wingi wao.

Hapa mzee aweza kuinuka na kuuliza kwa haki, "Mbona mwasema macho ya paka, ilhali yapo macho ya watoto wetu?" Swali hilo ni jema, wala hatulikwepi. Ikiwa katika nyumba kuna shilingi moja tu, ni ya mtoto wa binadamu, wala hatuna ubishi. Lakini maji ya chumvi hayamnyang'anyi mtoto chakula. Tena somo ni moja. Katika mwaka 1880 daktari Mjerumani Carl Credé, katika hospitali ya wazazi ya Leipzig, alianza kuwatia watoto wachanga tone la dawa machoni mara tu wazaliwapo, kwa kuwa wengi walikuwa wakipofushwa na usaha waliouambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa. Upofu huo ukapungua sana. Hata leo katika nchi yetu mtoto mchanga hupakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni kwa sababu ile ile. Usaha katika jicho changa, la mtu au la mnyama, ni jambo la haraka. Na mtoto wa shule aliyefundishwa kuosha mikono kabla na baada ya kumshika paka, na kutotumia kitambaa kimoja kwa macho ya wawili, ataikumbuka desturi hiyo siku ambayo mdogo wake ataumwa na macho.

Na kwa ajili ya watoto hao twatoa onyo moja. Kazi ya kumsafisha paka ifanywe na mtu mzima, au mbele ya mtu mzima. Mtoto asimbusu paka mgonjwa, wala asijifikiche macho kwa mikono isiyooshwa. Akiumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaomba mambo matatu kutoka kwa mkutano huu. La kwanza, kila mwanachama ambaye paka wake atazaa mwaka huu awakague watoto kila siku tangu siku ya kwanza hata juma la nne. Ni kazi ya dakika mbili. La pili, wanachama wa mtaa mmoja waelewane na daktari wa mifugo juu ya siku moja ya kuwachanja na kuwafunga uzazi paka wao pamoja, ili safari moja ya daktari igawanywe na nyumba nyingi. Maana haba na haba hujaza kibaba. La tatu, wazee wetu watusaidie kwa neno lao. Kijana akimwona mzee akimpangusa mtoto wa paka macho bila kuona haya, hataona ya kuwa huruma ni kazi ya wanyonge.

Hatusemi ya kuwa kila jicho litaokoka. Mengine yatapotea hata baada ya juhudi zote. Twasema tu ya kuwa jicho lisihesabiwe limekufa kabla halijaoshwa. Mavuno yakiisha kuingia ghalani na usiku ukawa mtulivu, yule ambaye alitaka kutupwa jaani ndiye atakayekuwa macho ilhali sisi tumelala.

Twaomba hotuba hii iingizwe katika taarifa ya mwaka, ili wale ambao hawakuweza kufika wapate kuisoma nyumbani kwao.